Haja Ndogo, Barabara Namba Tatu

Tumetoka Bahía Blanca kungali giza,
themosi ya mate nimeificha chini ya kiti changu,
maana ukiiona utaitaka,
na ukinywa, Nélida, kilomita mia na themanini
za kutoka kituo hadi kituo cha mafuta
zitakuwa elfu.

Fabricio alisema: Mama amwone dada yake kwa simu,
picha siku hizi ni safi, hata mikunjo ya uso inaonekana.
Ukatikisa kichwa mara moja.
Nikaenda kununua nepi.

Nina mfuko wa buluu nisiouacha garini:
sketi mbili, glavu, sabuni,
lile taulo ulilokataza lisiguswe na mtu
mpaka waje wageni.
Wageni ndio sisi sasa, mpenzi,
katika kila choo cha nchi hii.

Watu husema *kujisaidia*,
kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja.
Sisi husaidiana.
Mkono wangu chini ya kwapa lako,
paji la uso wako kifuani pangu,
moja, mbili, na kabla ya tatu unainuka,
tunageuka kidogo kidogo
kama wapagazi wanaopitisha kabati mlangoni,
huku wakiogopa kukwaruza ukuta.

San Antonio Oeste: mlango mmoja una picha ya sketi,
mwingine picha ya suruali.
Hakuna uliochorwa sisi.
Nikabisha. "Samahani, mabibi, naingia na mke wangu!"
Msichana akaangusha kitana.
Mama mmoja akaguna, akatoka na mikono yake mibichi.
Ndipo dereva wa lori, mwanamke mwenye oili hadi viwikoni,
akasimama mlangoni, mgongo akitupa sisi,
akatangaza: "Hapiti mtu."
Hakuuliza jina, wala ugonjwa.
Tulipotoka alikuwa keshawasha injini.

Na ni wewe uliyekuwa ukinikemea njia hii hii,
gari likiwa lako, usukani wako:
"Bana mpaka mji ujao, Evaristo!
Nyinyi wanaume mna vibofu vya kuku."
Ulipanga barua za wilaya nzima kwa miaka thelathini
hakuna hata moja iliyopotea.
Kisha asubuhi moja kiharusi kikavuruga mafungu yote,
ukawa unatafuta neno "kijiko"
unaleta "Jumanne".

Baada ya Sierra Grande, upepo.
Hakuna nyumba, hakuna mti, ni waya tu na vichaka.
Ukasema neno moja, wazi kabisa:
"Sasa."

Nikaegesha. Milango miwili ya gari ikawa kuta,
koti langu likawa paa,
ndoo ya rangi ikawa ndoo ya heshima.
Guanako watatu wakanyoosha shingo ng'ambo ya waya
wakatutazama bila adabu hata chembe.
Upepo ukaivuta sketi, nami nikaivuta.
Nilikushika, nikageuza uso.
Miaka arobaini na sita, mwili huu naujua kuliko wangu,
lakini pako mahali pa kugeuza uso,
na mimi hapo nitapalinda.

Sijui nani aliyeipima haja akaiita ndogo.

Nikakupangusa, mbele kwenda nyuma,
kama muuguzi alivyonifunza.
Nikakufunga mkanda.
Ukanishika shati kwa mkono unaokusikia:
"Na… wewe?"

Mimi?
Tangu alfajiri sijaenda.
Nilikuwa nimesahau kwamba na mimi nina mwili.

Nikazunguka nyuma ya gari,
nikachagua upande usiofaa,
upepo ukanirudishia yote viatuni.
Ukaniona kwenye kioo.
Ukacheka kwa nusu ya mdomo inayokutii,
ukacheka hadi machozi,
hadi nikahofia zile nepi: zimebaki nane.

Kilomita mia bado hadi Madryn.
Nikainama chini ya kiti
nikatoa themosi.